Je, NLP Inafanya Kazi? Ngazi Tatu za Swali Moja

Swali ambalo wasomaji wengi huuliza mara wanaposikia habari za NLP ni jepesi kwa umbo lake: je, jambo hili linafanya kazi kweli, au ni maneno matamu ya wauza semina? Anayeuliza huwa amekutana na mkufunzi aliyeahidi kumwondolea mtu hofu ya miaka mingi kwa kikao kimoja, au amesoma mahali kwamba wanasaikolojia wameiweka NLP katika kundi la sayansi bandia, na kwa kuwa kauli hizi mbili haziwezi kukaa chungu kimoja, hutaka aambiwe ipi ni ya kweli na ipi ni ya uongo. Jibu huchelewa kupatikana kwa sababu swali lenyewe limebeba maswali matatu ndani yake, na kila mjadili huchagua lile linalomfaa, akalijibu, kisha akadai kwamba amejibu yote.

Herufi NLP husimama badala ya jina linaloweza kuelezwa kwa Kiswahili kuwa uprogramu wa neva na lugha, ambapo neva ni mfumo wa fahamu unaopokea habari kutoka macho, masikio na ngozi, lugha ni maneno ambayo mtu hutumia kuzipanga habari hizo, na uprogramu ni mazoea ya kufikiri na kutenda yanayotokana na mpangilio huo. Taaluma hii isichanganywe na ile ya kompyuta yenye herufi hizohizo, inayoshughulikia uwezo wa mashine kuchakata lugha za binadamu.

Sura hii inayatenganisha maswali matatu yaliyofichwa ndani ya lile moja. Swali la nadharia linahusu ukweli wa maelezo: je, akili na lugha hufanya kazi jinsi NLP inavyosema? Swali la modeli linahusu ustadi: je, kile anachofanya bingwa kinaweza kuelezwa kwa namna ambayo mtu mwingine ataweza kukirudia? Swali la matumizi linahusu matokeo: je, mtu aliyepewa mbinu fulani hupata nafuu au maendeleo ambayo asingeyapata bila mbinu hiyo? Hoja inayoongoza kurasa zinazofuata ni kwamba kila ngazi ina kipimo chake, na kwamba ushahidi uliopatikana katika ngazi moja hauwezi kuhamishiwa ngazi nyingine bila kazi ya ziada.

Ilikoanzia

NLP ilizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 katika Chuo Kikuu cha California kilichopo Santa Cruz, Marekani, ambako Richard Bandler alikuwa mwanafunzi na John Grinder alikuwa mhadhiri wa isimu, yaani taaluma inayochunguza lugha. Bandler alikuwa amefanya kazi ya kunakili na kuhariri kanda za Fritz Perls, mmoja wa waasisi wa tiba ya Gestalt, ambayo ni aina ya tiba ya kisaikolojia inayomtaka mtu azishughulikie hisia zake jinsi zinavyojitokeza papo hapo. Kwa kuwa Perls alifariki mwaka 1970, mengi yaliyojifunzwa kwake yalitoka kwenye kanda na filamu. Wawili hao walimtazama pia Virginia Satir, aliyekuwa bingwa wa tiba ya familia, na kwa kuelekezwa na mwanaanthropolojia Gregory Bateson walifika Phoenix, Arizona, kwa daktari Milton Erickson, aliyesifika kwa matumizi ya hipnosi, yaani hali ya utulivu na umakini mkubwa ambamo mtu huwa mwepesi wa kupokea mapendekezo.

Mabingwa hao watatu walitoka katika shule tofauti za tiba na kila mmoja alikuwa na maelezo yake kuhusu sababu za mafanikio yake. Bandler na Grinder waliyaweka maelezo hayo kando, wakauliza kila mmoja wao anafanya nini hasa, anasema nini, kwa mpangilio upi, na anaangalia ishara zipi za mgonjwa kabla ya kusema neno linalofuata. Majibu yao yalichapishwa katika juzuu mbili za The Structure of Magic, ya kwanza mwaka 1975 na ya pili mwaka 1976, na katika juzuu mbili kuhusu mbinu za Erickson, za mwaka 1975 na 1977.

Mpangilio huo wa kihistoria una maana kubwa kwa msomaji wa leo. Kazi ilianza kwa modeli, ikafuatwa na mbinu zilizofundishwa katika warsha, na nadharia nyingi zilikuwa za kuazima kutoka taaluma nyingine. Mtu anayekutana na NLP katika ukumbi wa hoteli hukutana nayo kwa mpangilio wa kinyume: huanza na mbinu, akaelezwa nadharia ili aiamini mbinu hiyo, na aghalabu hurudi nyumbani bila kusikia lolote kuhusu modeli.

Ngazi ya kwanza: modeli

Modeli ni maelezo yaliyopunguzwa ya jambo fulani, ambayo huacha mengi kwa makusudi ili yale machache yanayobaki yamwezeshe mtu kutenda. Uundaji wa modeli katika NLP ni kazi ya kumchunguza mtu mwenye ustadi wa pekee, kuutambua mpangilio wa matendo yake, na kuuandika kwa namna inayoweza kufundishika.

Mfano wa jikoni unatosha kuonyesha kazi hii inavyotofautiana na nyingine mbili. Mpishi wa shughuli anayepika pilau ya mamia ya wageni hupima chumvi kwa jicho na maji kwa kidole, na akiulizwa anafanyaje hujibu kwamba ni uzoefu tu. Msaidizi anayekaa naye jiko baada ya jiko, akaandika anachokifanya mpaka mtu mwingine naye aweze kutoa pilau ileile, huwa ameunda modeli. Anayepika kwa kufuata maandishi hayo huwa katika matumizi, na kipimo chake ni sahani za wageni. Anayetaka kujua wanga wa mchele hubadilikaje ndani ya maji ya moto huwa katika nadharia, na anaweza kuwa bingwa wa jambo hilo huku pilau yake ikimshinda.

Katika kitabu chao cha mwaka 2001, Whispering in the Wind, Grinder na Carmen Bostic St. Clair walisisitiza kwamba uundaji wa modeli ndio kiini cha NLP na kwamba haupaswi kuchanganywa na matumizi ya mbinu zilizokwisha kupatikana. Hatua wanazozieleza zinaweza kufupishwa hivi:

1. Kumchagua bingwa na kupata nafasi ya kumtazama akiwa kazini.
2. Kumwiga bila kuchambua, ili mwigaji asiharakishe kuingiza maelezo yake mwenyewe.
3. Kuendelea kufanya mazoezi mpaka mwigaji apate matokeo yanayokaribiana na ya bingwa, kwa muda unaokaribiana na wake.
4. Kuandika mpangilio huo, huku yakiondolewa yale ambayo kukosekana kwake hakubadilishi matokeo.
5. Kuwafundisha wengine na kuona kama nao wanafaulu.

Zao maarufu zaidi la kazi hii ni metamodeli, ambayo ni orodha ya aina za kauli zinazoficha habari, pamoja na maswali ya kuzirudisha habari hizo, na ambayo ilitokana na jinsi Perls na Satir walivyowahoji watu. Kauli hizo ziligawanywa katika makundi makubwa matatu. Udondoshaji ni kuacha sehemu ya habari, kama mtu anaposema kwamba ameonewa bila kusema na nani wala kwa namna gani. Ujumlishaji ni kufanya tukio moja kuwa sheria ya maisha, kama anaposema kwamba hajawahi kufaulu katika jambo lolote, na swali linalofuata ni kama kweli halipo hata moja. Upotoshaji ni kuunganisha mambo kwa namna ambayo ushahidi hauiruhusu, kama mfanyakazi anapodai kwamba mkuu wake ana kinyongo naye kwa kuwa asubuhi hakumsalimia. Katika kundi hili la mwisho huingia pia unominishaji, yaani kugeuza kitendo kuwa jina: mke anayelalamika kwamba mawasiliano yamekufa nyumbani huulizwa ni nani hazungumzi na nani, na kuhusu jambo gani.

Metamodeli iliundwa kutokana na mazungumzo ya Kiingereza, na kwa sababu hiyo haiwezi kuhamishwa nzima kwenda katika lugha nyingine. Kiswahili, kwa mfano, kina kauli ya kutendeka inayomwezesha msemaji kusema kwamba sahani imevunjika au nguo imechanika, na sentensi ikasimama kamili bila mtendaji yeyote kutajwa, wala msikilizaji asihisi kwamba kuna kitu kimeachwa. Mwenye kutaka modeli ya namna hii kwa wasemaji wa Kiswahili analazimika kuanzia kwa mabingwa wa Kiswahili wenyewe, kama vile mshenga anayesuluhisha ndoa au mshauri nasaha mzoefu, na kutazama wanavyompata mtendaji aliyejificha bila kumkosea adabu mzungumzaji. Mzee anayesema kwamba ameonewa hahojiwi kwa maswali makavu mfululizo. Huombwa kwanza radhi, akaitwa kwa heshima yake, kisha akaulizwa kama angependa kueleza jambo lilivyokwenda.

*Muhtasari:* Modeli huulizwa kama inahamishika, yaani kama watu wengine wakiifuata hupata ustadi unaokaribia wa bingwa. Haiulizwi kwanza kama inaeleza ukweli wa mwisho kuhusu akili, na waasisi wenyewe walijitambulisha kuwa waundaji wa modeli wanaotafuta maelezo yenye kufaa.

Ngazi ya pili: matumizi

Matumizi ni kuchukua modeli iliyokwisha kuandikwa, au mbinu iliyotokana nayo, na kuielekeza kwenye shida ya mtu fulani, iwe ni hofu, ugomvi, uuzaji wa bidhaa au uongozi wa timu. Karibu kila kinachouzwa kwa jina la NLP kiko katika ngazi hii, na mtu mwenye cheti cha NLP kwa kawaida amefundishwa kutumia mbinu zilizoandikwa na wengine.

Mbinu mbili zinaweza kuonyesha sura ya ngazi hii. Utiaji nanga ni kuunganisha hisia fulani na ishara ya nje, kama kubonyeza kifundo cha kidole wakati mtu anakumbuka siku aliyojiamini sana, kwa matarajio kwamba atakapobonyeza hapo kabla ya usaili hisia ile itamrudia. Mbinu ya hofu humtaka mtu ajione amekaa katika ukumbi wa sinema akitazama filamu ya tukio lililomtisha ikiwa haina rangi, kisha aione ikirudi nyuma kutoka mwisho hadi mwanzo, ili kumbukumbu ipungukiwe na nguvu ya kumtetemesha.

Ushuhuda wa mtu mmoja aliyepona hautoshi katika ngazi hii, hata kama anasema kweli tupu, kwa kuwa watu hupata nafuu kwa sababu nyingi: muda hupita, matumaini huongezeka, na kusikilizwa kwa makini na mtu mpole kuna nguvu yake. Kinachotakiwa ni kundi la ulinganisho, yaani watu wenye shida ileile ambao hawakupewa mbinu hiyo au walipewa nyingine, ili tofauti ionekane. Mwaka 2012 jarida la British Journal of General Practice lilichapisha mapitio ya tafiti zilizotumia NLP katika mambo ya afya, na waandishi wake walihitimisha kwamba ushahidi wa manufaa ulikuwa mdogo, huku wakieleza kwamba tafiti zenyewe zilikuwa chache na ubora wake haukuridhisha. Hitimisho hilo lisomwe kwa uangalifu, kwa sababu uhaba wa tafiti nzuri hauthibitishi kwamba mbinu zote zimeshindwa, ingawa pia haumpi mkufunzi ruhusa ya kudai kwamba zimethibitishwa.

Matumizi yana jambo jingine ambalo modeli haina, nalo ni wajibu kwa mtu aliyeko mbele. NLP haina chombo kimoja chenye mamlaka ya kusimamia kila anayejiita mtaalamu wake, na mafunzo yake hutofautiana sana kwa muda na ubora. Mtu mwenye sonona, yaani huzuni kubwa ya muda mrefu inayodhoofisha maisha, au mwenye mawazo ya kujidhuru, anahitaji tabibu mwenye leseni, hata kama mkufunzi wa NLP ni mwerevu na mwenye nia njema.

*Muhtasari:* Matumizi hupimwa kwa matokeo yanayolinganishwa, kwa watu wa aina fulani na kwa shida iliyotajwa waziwazi. Kauli kwamba NLP inafanya kazi, bila kutaja mbinu ipi na kwa nani, haiwezi kupimwa.

Ngazi ya tatu: nadharia

Nadharia ni maelezo ya sababu: hueleza kwa nini jambo hutokea, na hutabiri mambo ambayo bado hayajaangaliwa. Nadharia iliyo bora hukubali pia kukosolewa, kwa maana kwamba mtu anaweza kueleza mapema ni matokeo gani yatakayoonyesha kuwa si kweli.

Nadharia nyingi ndani ya NLP ziliingia kutoka nje. Sarufi ya Noam Chomsky, inayotofautisha muundo wa ndani wa sentensi na muundo wa nje unaosikika, ilitoa msingi wa metamodeli, kwa wazo kwamba msemaji ana habari nyingi kuliko zile zinazofika mdomoni. Alfred Korzybski, katika kitabu chake cha mwaka 1933, Science and Sanity, alisisitiza tofauti kati ya ramani na nchi yenyewe, na NLP ikalifanya wazo hilo kuwa kanuni kwamba watu huishi kwa kufuata picha ya dunia waliyonayo akilini. Mwaka 1960 George Miller, Eugene Galanter na Karl Pribram waliieleza tabia kuwa ni mzunguko wa kupima, kutenda, kupima tena na kuacha pale lengo linapofikiwa, na mchoro wao ukatumiwa kueleza mikakati ya akili. Mawazo haya yana historia na ushahidi wake ndani ya taaluma zilikotoka, na heshima yake haiambatani moja kwa moja na kila mbinu inayoyataja.

NLP ilikuwa pia na madai yake yenyewe. Dai lililojulikana zaidi lilihusu mifumo ya uwakilishi, yaani njia ambazo mtu hutumia kufikiri kwa picha, kwa sauti au kwa hisia za mwili. Ilidaiwa kwamba mtu huwa na mfumo mmoja anaoupendelea, kwamba mfumo huo hujulikana kwa maneno anayoyatumia na kwa mwendo wa macho yake, na kwamba anayezungumza naye kwa mfumo huohuo hupata ukaribu naye haraka. Dai hili lilikuwa na sifa njema ya nadharia, kwa sababu lilipimika, na lilipopimwa halikusimama. Christopher Sharpley alizipitia tafiti kuhusu mfumo huo unaopendelewa katika makala ya mwaka 1984, akarudia kwa upana zaidi mwaka 1987, na mara zote mbili aliona kwamba ushahidi ulikuwa dhaifu.

Jibu kwa makala ya kwanza ya Sharpley, lililotolewa mwaka 1985 na Eric Einspruch na Bruce Forman, linafundisha sana kuhusu ngazi hizi. Walilalamika kwamba watafiti wengi hawakuielewa NLP vizuri na kwamba waliofanya mahojiano hawakuwa wamefundishwa ipasavyo. Lalamiko hilo lina uzito katika ngazi ya matumizi, ambako ustadi wa mtendaji ni sehemu ya mbinu, lakini lina uzito mdogo katika ngazi ya nadharia, kwa kuwa kama kweli macho ya binadamu hufuata kanuni fulani, yataifuata hata mbele ya kamera isiyo na cheti chochote.

Msomaji aliyewahi kuhudhuria mafunzo atakumbuka pia ngazi za Robert Dilts, zinazopanda kutoka mazingira, tabia, uwezo, imani na maadili, hadi utambulisho wa mtu. Hizo ni tofauti na ngazi zinazojadiliwa hapa, kwa sababu zinadai kueleza jinsi maisha ya mtu yalivyopangika, ilhali ngazi za sura hii ni njia ya kuyapanga madai. Hata mpango wa Dilts unaweza kuulizwa maswali yaleyale matatu: kama ni orodha inayomsaidia mshauri asisahau upande wowote wa shida, ni chombo chenye kufaa; kama ni dai kwamba akili imejengeka kwa ghorofa hizo, linahitaji ushahidi wa aina nyingine kabisa.

*Muhtasari:* Nadharia hupimwa kwa ukweli wa utabiri wake. Dai kuu la NLP kuhusu mifumo inayopendelewa lilipimwa na halikuthibitishwa, huku mawazo yaliyoazimwa yakibaki na nguvu au udhaifu wake kule yalikotoka.

Kamati iliyozitenganisha

Mfano mzuri wa kuzingatia ngazi ulitolewa na kamati ya Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani, iliyoombwa na jeshi la nchi hiyo kuchunguza njia mbalimbali zilizodaiwa kuongeza uwezo wa binadamu, na ambayo ilichapisha ripoti yake mwaka 1988. Kuhusu NLP, kamati ilieleza kwamba haikupata ushahidi wa maana wa kuunga mkono dhana zake wala ufanisi wake katika kuwashawishi watu. Wakati huohuo, kamati hiyohiyo ilivutiwa na njia iliyotumika kuipata, yaani kuwatazama mabingwa kwa makini na kuiga maneno na ishara zao, na ikaona kwamba uundaji wa modeli za mabingwa ni jambo linalostahili kuchunguzwa zaidi.

Wapinzani wa NLP hunukuu nusu ya kwanza ya maoni hayo na watetezi wake hunukuu nusu ya pili, kana kwamba kamati ilijipinga. Ukweli ni kwamba ilitoa hukumu tatu kwa ngazi tatu: nadharia haikuthibitishwa, ufanisi haukuonyeshwa, na njia ya kuunda modeli ilionekana kuwa na thamani. Thamani hiyo nayo ina mpaka wake, kwa sababu anayewatazama mabingwa peke yao, bila kuwalinganisha na watendaji wa kawaida, anaweza kuandika kinachovutia macho na kukiacha kinacholeta matokeo.

Makosa matatu ya kuruka ngazi

Historia ya tiba ina tukio linaloonyesha kwa nini ngazi hizi hazifuatani. Mwaka 1747 daktari James Lind wa jeshi la majini la Uingereza aliwagawa mabaharia 12 wenye kiseyeye katika jozi, akaipa kila jozi tiba yake, na wawili waliopewa machungwa na malimau wakapona upesi kuliko wenzao. Maelezo ya Lind kuhusu chanzo cha ugonjwa hayakuwa sahihi, na vitamini C haikutambuliwa mpaka karne ya 20, lakini malimau hayakusubiri nadharia ili yaponye. Kwa kuzingatia mfano huo, makosa yanayorudiwa mara nyingi katika mijadala ya NLP ni haya:

- Kutoka matumizi kwenda nadharia: mtu aliyeondokewa na hofu husema kwamba nafuu yake inathibitisha maelezo ya mkufunzi kuhusu ubongo, wakati nafuu hiyo ingeweza kuwa na maelezo mengine.
- Kutoka nadharia kwenda matumizi: mkosoaji husema kwamba kwa kuwa nadharia ya macho imeanguka, kila mbinu imeanguka nayo, hata zile zisizoihitaji nadharia hiyo, au mkufunzi husema kwamba kwa kuwa Chomsky anaheshimika, semina yake nayo inaaminika.
- Kutoka modeli kwenda matumizi: mtu hudhani kwamba kwa kuwa Erickson alifanikiwa, yeyote anayetamka maneno ya Erickson atafanikiwa vivyo hivyo, bila kupimwa.

Kinyume cha makosa haya kinaonekana katika jaribio lililochapishwa mwaka 2017, ambalo liliwashirikisha maveterani 30 wa jeshi la Marekani waliokuwa wakisumbuliwa na kumbukumbu za vita. Baadhi yao walipewa kwanza tiba inayofanana sana na ile mbinu ya sinema iliyoelezwa hapo juu, na waliotibiwa walipata nafuu kubwa kuliko waliowekwa katika orodha ya kusubiri. Watafiti hawakuitegemea nadharia ya zamani ya NLP. Waliieleza mbinu yao kwa kutumia utafiti wa kisasa unaosema kwamba kumbukumbu inapoamshwa inaweza kubadilika kabla ya kuhifadhiwa upya. Mbinu ilibaki na nadharia ikabadilishwa, jambo linalowezekana tu pale ngazi zinapotenganishwa. Hata hivyo, kundi lilikuwa dogo, na kulinganisha na watu wanaosubiri hakuonyeshi kama tiba nyingine yenye uangalifu uleule isingefanya vivyo hivyo.

Zoezi: macho ya msailiwa

Katika ofisi nyingi husikika kanuni kwamba mtu anayetazama juu upande wake wa kulia anadanganya. Kanuni hiyo inaweza kufumuliwa ngazi kwa ngazi. Katika modeli, waasisi walidai kuona kwamba macho ya watu wengi wanaotumia mkono wa kulia huelekea upande mmoja wanapokumbuka picha na upande mwingine wanapoiunda. Katika nadharia, mwendo huo ulielezwa kuwa dalili ya namna ya kufikiri, na kuunda picha hakukuwa sawa na kusema uongo, kwani hata mtu mkweli huunda picha anapoeleza mpango wa kesho. Katika matumizi, watu wengine waliongeza hatua ambayo haikuwemo, wakaifanya dalili ya kufikiri kuwa kipimo cha uongo.

Mwaka 2012 Richard Wiseman na wenzake walichapisha tafiti tatu kuhusu jambo hilo: walitazama macho ya watu waliosema kweli na waliodanganya, wakajaribu kama kufundishwa kanuni hiyo humsaidia mtu kugundua uongo, kisha wakachunguza rekodi za watu waliozungumza mbele ya waandishi wa habari, na hakuna hata moja kati ya tafiti hizo iliyoiunga mkono kanuni. Mwajiri anayemnyima kijana kazi kwa sababu ya macho yake anafanya dhuluma kwa kutumia tumizi lisilo na nadharia inayolibeba wala matokeo yanayolitetea.

Hali inafanana darasani. Mwalimu anayewagawa wanafunzi kuwa wa kuona, wa kusikia na wa kugusa, kisha akafundisha kila kundi kwa njia yake pekee, anatumia wazo linalokaribiana na mifumo ya uwakilishi, na mapitio ya Harold Pashler na wenzake ya mwaka 2008 hayakupata ushahidi wa kutosha wa kuhalalisha mgawanyo wa namna hiyo. Kufundisha somo kwa picha, sauti na vitendo kwa pamoja ni jambo jingine, lisilohitaji mtoto yeyote apewe lebo.

Maswali ya kumuuliza mkufunzi

Msomaji anayefikiria kulipia mafunzo ya NLP, au meneja anayetaka kuwapeleka wafanyakazi wake, anaweza kwenda na maswali haya, akisikiliza kama jibu linabaki katika ngazi ya swali:

1. Unachofundisha ni uundaji wa modeli, au ni mbinu zilizokwisha kuandikwa na wengine?
2. Kama ni modeli, ilitokana na bingwa gani, na ni watu gani wengine waliofaulu kwa kuifuata?
3. Kama ni mbinu, ni ya shida ipi hasa, na imelinganishwa na nini?
4. Maelezo unayotoa kuhusu ubongo yanatoka taaluma gani, na mbinu ingebadilika vipi kama maelezo hayo yangeonekana si kweli?
5. Ni shida za aina gani ambazo huzishughulikii, na humpeleka kwa nani mwenye shida hizo?

Mkufunzi makini hatakuwa na shida kusema kwamba metamodeli humfundisha mtu kuuliza maswali bora hata kama sarufi iliyoizaa imebadilika, kwamba baadhi ya mbinu zina ushahidi wa mwanzo na nyingine hazina, na kwamba habari za macho zimeachwa na utafiti. Anayejibu swali la tatu kwa kutaja jina la Chomsky, au swali la nne kwa kuleta ushuhuda wa mteja aliyepona, ameruka ngazi, na msikilizaji ana haki ya kumrudisha kwenye swali lililoulizwa kabla ya kutoa fedha yake.